Barua ya wazi: Udongo wa juu uwekwe kando kabla timbo halijafunguliwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi. Mheshimiwa Spika na wawakilishi wadi wa Bunge la Kaunti. Na maafisa wa mazingira, madini na barabara mnaohudumu Malindi na Magarini.

KUH: KUREJESHA MIMEA KWENYE ARDHI ILIYOCHIMBWA CHANGARAWE NA MAWE

Waheshimiwa,

Salamu kutoka bara ya Malindi. Ombi langu ni moja na nalitanguliza, ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote aondoke nalo. Asiruhusiwe mtu kufungua timbo jipya la changarawe, kokoto au mawe katika Malindi na Magarini kabla udongo wa juu wa eneo hilo haujakwanguliwa na kuwekwa kando. Na akishamaliza kuchimba, asirudishiwe dhamana yake mpaka mimea iliyooteshwa pale iwe imevuka kaskazi mbili, yaani misimu miwili ya jua kali, ikiwa hai. Yote yanayofuata ni kueleza kwa nini.

Mimi ni mkulima upande wa Ganda na nina kitalu cha miche. Nauza mivinje kwa wanaotafuta boriti, mikanju na miembe kwa wenye mashamba, na miti ya kiasili kwa wachache wanaoiulizia. Sina uadui na wachimbaji. Msingi wa nyumba ninayolala una kokoto, na barabara tunazozidai kila uchaguzi hazijengwi kwa hewa. Akina mama wanaoketi juani na nyundo wakivunja mawe ni jirani zangu, na karo za watoto wao zinatoka humo. Atakayesoma barua hii akadhani naomba matimbo yafungwe, atakuwa hajanielewa. Naomba yafunguliwe vizuri yanapoanza, na yafungwe vizuri yanapokwisha.

Niwaeleze mambo yanavyokwenda, maana huenda ripoti zinazofika mezani kwenu haziyasemi. Mkandarasi anahitaji changarawe. Anapelekwa kwa mwenye shamba, wanakubaliana kwa lori au kwa ekari, mara nyingi kwa mdomo tu, na mwenye shamba kwa kawaida ana shida isiyongoja: karo, hospitali, mazishi. Katapila linafika asubuhi. Kazi yake ya kwanza ni kusukuma vichaka pembeni pamoja na ule udongo wa juu, visiki na mawe vyote vikichanganyika. Udongo huo baadaye unafukiwa chini ya mawe yaliyokataliwa, au unauzwa wa kujazia viwanja mjini. Kazi ya miaka mingi ya majani kuoza na mizizi kufa inaondoka kwa saa chache. Kisha wanachimba mpaka wafike kwenye mwamba au kwenye maji, mkataba unakwisha, kambi inang'olewa. Linabaki shimo lenye kuta wima katikati ya mashamba ya watu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa mashimo haya, aliyechuma ameshaondoka na malori yake. Wanaokula janga ni wa kwetu.

Masika yakianguka, shimo linajaa. Watoto wanakwenda kuogelea, na sote tumesikia redioni, mwaka baada ya mwaka, kutoka kaunti moja hadi nyingine, habari za mtoto aliyezama timboni. Kuta zikiwa wima, hata mtu mzima anayejua kuogelea hana pa kushika. Mbuzi na ng'ombe wanateleza wakifuata maji. Mbu naye anapata makao. Mbu anayeeneza malaria hahitaji bwawa kubwa. Anataka maji yaliyotulia, yanayopigwa jua, yasiyo na kivuli wala samaki, na timbo lililotelekezwa lina yote hayo. Tunagawiwa vyandarua, tunashukuru, halafu hatua chache kutoka kitandani tunawafugia mbu.

Na udongo unaoporomoka kutoka kwenye kingo haukai pale. Unafuata mifereji, mifereji inafuata mabonde, na mengi ya mabonde hayo yanaishia Mto Sabaki. Kila mwenyeji wa Malindi anaijua rangi ya bahari yetu wakati wa mvua. Sisemi kwamba matimbo ndiyo yameipaka bahari rangi hiyo. Sabaki unabeba tope kutoka mbali sana, huko juu unakoitwa Athi na Galana. Nasema tu kwamba mji wenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa tangu 1968, unaoishi kwa samaki na wageni, haupaswi kuongeza tope lake mwenyewe juu ya lile linalotoka bara.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo nionavyo makosa yanapofanyika hata na watu wenye nia njema.

Wapo wanaosema, yaacheni mashimo, maumbile yatayarudisha yenyewe. Shamba lililolazwa hurudi, ni kweli. Ukiliacha misimu michache linaota nyasi, kisha vichaka, kisha miti. Lakini shamba lililolazwa bado lina udongo wake, na ndani ya udongo ule zimelala mbegu, vipo visiki na mizizi inayochipua, vipo kuvu wanaoshirikiana na mizizi kutafuta maji na chakula. Sakafu ya timbo haina hata kimoja. Imeshindiliwa na matairi ya malori mpaka imekuwa ngumu kama saruji, maji hayapenyi, na saa saba mchana joto lake linaunguza kila kinachojaribu kuota. Kwenye mawe ya matumbawe, karibu na pwani, kuna chokaa nyingi kupita ambavyo miti mingi inaweza kustahimili. Huko bara kwenye changarawe nyekundu, chakula cha mmea karibu hakipo. Ndiyo maana yapo mashimo ambayo watoto wamezaliwa wakayakuta, wamekua, na bado yako meupe au mekundu vilevile.

Wapo wengine wanaosema, tupande miti. Wanakuja na fulana, maturubai, hotuba na miche. Nimeuza miche ya namna hiyo, na nimerudi kuiangalia. Mche uliotiwa kwenye kijishimo cha futi moja ndani ya sakafu iliyoshindiliwa ni mche uliopandwa chunguni: mizizi inazunguka mumo kwa mumo mpaka inajinyonga, mvua ikizidi inaoza, jua likija inakauka. Kufikia Februari, wakati kaskazi inavuma na jua halina huruma, vinabaki vijiti. Ripoti hata hivyo imeshaandikwa na idadi ya miche iliyopandwa imo ndani yake.

Serikali ya kitaifa imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini waheshimiwa, kwetu Novemba ni mwezi wa vuli, na vuli ya Malindi haina uhakika. Ikinyesha wiki mbili ikakatika, nyuma yake inakuja kaskazi mpaka Machi. Mti wa kwetu hupandwa masika yanapoanza, Aprili, ardhi ikishalowa, ili upate miezi ya mvua na ubaridi wa kusi wa kujishikia kabla ya jua kurudi. Kalenda ya upandaji miti ya kaunti hii ingefuata mvua ya kaunti hii, tungeokoa miche mingi bila kuongeza shilingi.

Kurejesha ardhi ya timbo kunaanza siku ya kwanza katapila linapofika. Tabaka la juu, lile la sentimita 15 hadi 30 lenye rangi iliyokoza kuliko la chini yake, ndilo lenye uhai karibu wote. Likwanguliwe peke yake kabla ya kitu kingine, lirundikwe mahali pasipopitwa na lori wala maji ya mvua, na rundo lisipite urefu wa mita mbili hivi, kwa sababu likirundikwa mlima, la ndani hukosa hewa na viumbe vilivyomo hufa. Lioteshwe nyasi au kunde juu yake lisipeperuke wala kuchukuliwa na mvua. Wala lisikae miaka. Njia bora kuliko zote ni kuchimba kwa vipande: ukifungua kipande cha pili, udongo wake wa juu unaupeleka moja kwa moja kwenye kipande cha kwanza ulichomaliza. Unaubeba mara moja tu, na mbegu zilizomo zinaamka mvua ya kwanza. Mkandarasi mwenye akili atawaambia hata yeye dizeli inapungua.

Shimo likishakwisha, kuta zilazwe. Kwa kila mita moja ya kwenda juu, ziwe mita tatu za kwenda mbele, hapo mtu anaweza kutembea, mbuzi anaweza kutoka, na udongo unashika. Sakafu ipasuliwe kwa meno ya tingatinga, nusu mita kwenda chini, kwa kufuata usawa wa mteremko na si kwa kushuka nao. Hilo la kupasua nalirudia kwa sababu ndilo linalorukwa zaidi ya yote: halionekani kwenye picha, na ukishamwaga udongo juu hakuna anayejua kama lilifanywa. Basi afisa awepo linapofanywa. Kisha udongo wa juu urudishwe, samadi iongezwe, na yale makumbi ya nazi tunayoyachoma moto kila siku yatandazwe juu yake yahifadhi unyevu.

Mfano hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Uko Bamburi, safari ya asubuhi moja kutoka Malindi. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba pale mawe ya matumbawe miaka ya 1950, na kufikia 1971 kilikuwa na jangwa jeupe mkononi mwake. Mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, akapewa kazi ya kulirudisha. Hakuwa na udongo hata konzi. Maji ya chumvi yalikuwa karibu na sakafu. Alijaribu aina 26 za miti, zikaishi tatu tu, na ulioongoza ni huu mvinje wetu, ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani na hivyo unaweza kujilisha pasipo na chakula.

Lakini mvinje peke yake haukutosha, na sehemu hii ya hadithi watu wengi wanaipita. Majani yake membamba yalianguka yakalundikana wala hayakuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akaona majongoo wenye miguu myekundu wakiyala. Akawakusanya kwa mamia akawaachia timboni. Kinyesi cha majongoo ndicho kilichoanza kuwa udongo. Juu ya udongo huo ndipo miti mingine ikaweza kupandwa, wakaja ndege, nyani na vipepeo. Leo panaitwa Haller Park na wanafunzi wetu hupelekwa huko kwa mabasi. Na watu wa Malindi tuna sababu yetu ya kupakumbuka. Yule mtoto wa kiboko aliyesombwa na Sabaki mpaka baharini, akaokolewa hapa kwetu baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, yule Owen aliyefanya urafiki na kobe mkubwa Mzee, alipelekwa kulelewa kwenye timbo hilo. Kiboko wa Malindi alipata malisho na maji katika ardhi ambayo zamani haikuota hata jani.

Nitaambiwa Bamburi ilikuwa kampuni kubwa yenye fedha na muda, na mkandarasi wa barabara ya mashinani hana. Mimi naisoma hadithi hiyo kinyume. Bamburi ilihitaji miaka na miaka kwa sababu udongo ulikuwa umeshapotea, ikabidi utengenezwe upya, jani kwa jani, jongoo kwa jongoo. Sisi kwenye matimbo ambayo bado hayajafunguliwa tunao mkononi. Gharama ya kuukwangua na kuuweka kando ni kazi ya siku chache ya mtambo ambao tayari uko pale. Masikini ndiye asiyeweza kumudu kuutupa.

Utaalamu nao tunao. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo chake Gede, na imefanya kazi na wakulima wa mivinje wa ukanda huu kwa muda mrefu. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, uko mlangoni mwetu na ni darasa la wazi: miti ya mirihi imejichagulia mchanga mweupe, miti ya Cynometra imeshika udongo mwekundu wa magharibi, na mibambakofi imo upande wa mashariki penye mchanganyiko. Anayetaka kujua kipandwe nini juu ya timbo la udongo mwekundu na kipandwe nini kwenye mchanga, aingie msituni na mzee wa Kigiriama mwenye kujua miti, atarudi na jibu kabla ya adhuhuri. Mbegu nazo zinaokotwa chini ya miti. Mkwaju unalowekwa tu. Mbambakofi unataka kukwaruzwa gamba ili maji yapenye, kisha unatoka wenyewe. Nyasi za kiasili zitangulie hata kabla ya miti, kwa sababu nyasi ndizo zinazoshika udongo katika mvua ya kwanza, na mche hauwezi kazi hiyo.

Kuna miti miwili ambayo naomba isiletwe, ingawa inaota haraka na inapendeza kwenye picha za mwaka wa kwanza. Mathenge ndio wa kwanza. Majirani zetu wa Tana River waliletewa ukiwa mti wa kuzuia jangwa, ukavamia malisho na kingo za mto, na hadi leo wanapambana nao. Wa pili najua nitalaumiwa kuutaja: mwarobaini. Ninaupenda, nina mmoja uani na nimekunywa majani yake. Lakini mbegu zake zinabebwa na ndege na popo, na umeshaingia kwenye misitu ya pwani na kuisonga miti ya asili, hata katika baadhi ya makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Ubaki uani. Timbo lililo karibu na Arabuko-Sokoke au karibu na kaya likijazwa mwarobaini, litakuwa kitalu cha kuuvamia msitu.

Halafu kuna mbuzi. Hakuna mpango wa kurejesha mimea utakaofaulu Malindi usiosema mbuzi watafanywaje. Eneo lizungushiwe boma la miiba kwa misimu miwili au mitatu, na awepo mlinzi anayelipwa, wa kijiji hicho hicho, ambaye wenye mbuzi wanamjua na yeye anawajua. Wanakijiji waruhusiwe kukata majani kwa mkono wapeleke nyumbani kwa mifugo yao, ili wasione boma hilo ni la kuwanyima. Nimeona miche mingi ikiliwa kwa sababu aliyepanda hakuzungumza na wachungaji.

Kuhusu sheria sitasema mengi, kwa sababu waheshimiwa mnaijua kunishinda. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi tunayo hapa mjini Malindi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inayahesabu machimbo ya mawe miongoni mwa miradi inayopaswa kutathminiwa athari zake kabla ya kuanza, na kifungu chake cha 108 kinaipa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, uwezo wa kumwamuru aliyeharibu ardhi airejeshe. Sheria ya Madini ya 2016 inazungumza juu ya mpango wa kurejesha ardhi na juu ya dhamana ya kulinda mazingira.

Kwa hiyo sheria ipo. Kilichokosekana ni kipimo. Sentensi inayosema "eneo litarudishwa katika hali nzuri" haimfungi mtu kwa lolote, kwa sababu hali nzuri ya mkandarasi ni shimo lililosawazishwa kidogo siku ya kukabidhi kazi. Naomba kila kibali kinachotolewa au kuhuishwa katika eneo letu kiandikwe kwa maneno yanayopimika kwa macho na kwa futikamba: udongo wa juu umewekwa wapi na ni kiasi gani, mteremko wa kuta utakuwaje, sakafu itapasuliwa kina gani, na baada ya kaskazi ya pili sehemu gani ya ardhi iwe imefunikwa na mimea iliyo hai. Mimi ningependekeza robo tatu. Wataalamu wakisema vingine kwa sababu zao, nitawasikiliza, mradi iwe namba.

Dhamana nayo iwe ya kuuma. Ikiwa ni ndogo kuliko gharama ya kazi yenyewe, mkandarasi ataiacha na kwenda zake, na hilo yeye ataliita sehemu ya gharama. Ikokotolewe kwa ekari, kwa bei halisi ya kukodi tingatinga, kulaza kuta, samadi, miche na mlinzi. Kwa wachimbaji wadogo, wale wa sururu na nyundo, msiwadai dhamana ya mamilioni, maana mtawasukuma wachimbe usiku. Hao wachimbe kwa vikundi, kikundi kikabidhiwe kipande kipya pale tu kinapokuwa kimefukia na kupanda kile cha kwanza. Wakiungwa mkono na mtambo wa kaunti kwa siku mbili tatu, wataifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote, kwa sababu wanaishi papo hapo.

Yapo pia matimbo ya zamani yasiyo na mwenyewe, ambayo aliyeyachimba hajulikani tena au kampuni yake imekufa. Kwa hayo hakuna wa kudaiwa dhamana. Kwa kazi hiyo zipo fedha zinazokusanywa kwa jina la mawe yenyewe. Kila lori la mchanga, mawe au kokoto linalipa ushuru wa kaunti barabarani. Na mrabaha wa madini, kwa mujibu wa Sheria ya Madini, umegawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Naomba Bunge la Kaunti litenge sehemu inayojulikana ya mapato hayo, iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, ya kurejesha matimbo yaliyotelekezwa. Ushuru wa mawe ukinunua magari na semina huku shimo lililouzaa likiua watoto, hatuwezi kuwaeleza wazazi hao kitu.

Wala si lazima kila shimo lifukiwe. Liko ambalo wanakijiji wenyewe watasema, hili tulazieni kuta, tuzungushieni ua, tuachieni lambo la mifugo lenye miti pembeni na samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Liko ambalo linafaa shamba la mivinje la kikundi cha akina mama, wavune boriti baada ya miaka minne au mitano, wakati huo majani yaliyoanguka yameanza kuifanya ardhi ikubali miti mingine. Na liko lililo jirani na msitu, ambalo linastahili kurudi kuwa msitu. Waulizwe wanaoishi hapo, kwenye baraza iliyotangazwa mapema, kwa Kigiriama na Kiswahili, na akina mama wapewe nafasi ya kusema, kwa sababu ndio wanaopita kando ya shimo hilo na ndoo kila siku. Wale wanaovunja kokoto leo ndio hao hao wawe wa kwanza kulipwa kuokota mbegu, kujaza viriba na kupanda.

Wenye mashamba nao wapewe ulinzi. Wengi hawajui kwamba wanaweza kudai udongo wao ubaki. Iwepo karatasi moja fupi ya makubaliano, kwa Kiswahili, inayopatikana kwa chifu na kwenye ofisi ya wadi, inayosema udongo wa juu ni mali ya mwenye shamba na hautoki hapo, na kwamba malipo ya mwisho ya mchimbaji yanafuata ukaguzi. Kazi ya kuiandika ni ya asubuhi moja kwa wakili wa kaunti.

Ninayoyaomba kabla ya masika yajayo ni haya. Tupewe hadharani orodha ya matimbo yote yenye kibali katika Malindi na Magarini, pamoja na jina la mwenye kibali, tarehe ya kuisha, na kiasi cha dhamana iliyowekwa; ibandikwe kwenye ofisi za wadi na za machifu ambako hata asiye na simu ataiona. Vibali vipya visitolewe bila sharti la udongo wa juu. Na lichaguliwe timbo moja lililotelekezwa, lolote, lirejeshwe kwa utaratibu huu chini ya macho ya KEFRI na wanakijiji, ili tujifunze gharama na makosa yake kabla ya kuendelea na mengine. Naomba jibu kwa maandishi, na lisomwe barazani.

Mikwaju na mibambakofi ninayo tayari kitaluni, ya kutosha kuanzia ekari moja, na kwa timbo hilo la kwanza sitadai malipo.

Wenu mtiifu,

Mkulima na mwenye kitalu cha miche,
Ganda, Malindi